Safari Yangu ya Kutafuta Mshahara wa Mgeni

Kilichonitoa nyumbani ni ukuta. Sikufukuzwa na mtu, sikugombana na mkuu wangu wa shule, wala sikuwahi kuota Ulaya. Mimi na mke wangu Jovina tulisimamisha nyumba ya tofali mbichi nyuma ya kibanja cha baba yangu, hapa Songambele, tukafika kwenye lenta, na hapo hela ikatuaga. Mvua za vuli zikala ukuta, za masika zikaongezea. Kila jioni Jovina anapanda ngazi kufunika kuta kwa majani ya migomba, na kila asubuhi tunakuta tope limeshuka mpaka kwenye msingi. Msimu mwingine bila mabati, tutakuwa tumejenga kichuguu. Sisi wote ni walimu wa shule moja ya binafsi ya hapa hapa, mimi Kiswahili, yeye hesabu. Mishahara yetu ukiichanganya unapata kula, kusomesha watoto wetu wawili, na kusonya.

Aliyeleta habari ni Deusdedith, mwenzetu wa jiografia. Saa ya chai alikuwa na kawaida ya kufungua simu na kutusomea mishahara ya walimu wa shule za kimataifa: huko Uarabuni wanapewa hivi, Uchina vile, na nyumba juu. Tulilinganisha mishahara hiyo kama watu wanaochagua ng'ombe mnadani bila senti mfukoni. Siku moja akasoma tangazo la shule ya nchi jirani, ng'ambo ya mto Kagera, nje ya mji wa Mbarara. Walitaka mwalimu wa Kiswahili.

"Sikiliza, Projestus," Deus akaniambia. "Shule hizi zina mishahara miwili. Mwenyeji ana wake. Mgeni anapewa mara tatu ya huo, nyumba bure, na tiketi ya ndege kwenda kwao likizo kila mwaka."

"Ndege? Kutoka Mbarara kuja Songambele?"

"Hilo ni tatizo la ndege, si lako. La kwako ni moja tu: ukivuka daraja, wewe ni mgeni. Usiseme Kinyambo hata ukikanyagwa kidole."

Asiyetujua anaweza kushangaa. Kinyambo chetu na Kinyankole cha ng'ambo ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa Kyerwa, wilaya yetu, akikohoa, wa kule anajua anataka maji. Hapo ndipo palikuwa na hatari. Niliomba kazi, nikaitwa kwa usaili, na Jovina akanipigia pasi suti ya harusi yetu.

Alfajiri ya safari Jovina alinisindikiza mpaka barabarani, akanikung'uta vumbi begani. "Nenda ukawe mgeni," akasema. "Lakini usizidishe. Wewe ukianza kujidai huwa huna breki." Alisema kweli. Nikapanda pikipiki.

Nkwenda tulifika sokoni kumekucha. Wanunuzi wa maharage walikuwa wameshatandika magunia, na malori ya ndizi yameziba nusu ya barabara. Niliingia kwa mama mmoja muuza chai, ananifahamu tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Pole, mwalimu. Msiba ni wa nani?"

"Hakuna msiba, mama. Naenda kwenye usaili."

"Na hiyo suti? Haya, kula chapati, usije ukazimia ukadhaniwa ndiye marehemu." Nilikula mbili, na nilizihitaji.

Murongo, pale mpakani, ni mahali ambapo kila mtu ana haraka isipokuwa foleni. Wafanyabiashara walikuwa na mizigo yao, bodaboda wanavutana abiria. Ofisa wa uhamiaji alikuwa kijana wa Muleba, mwenye heshima zake. "Shikamoo, mwalimu. Unakwenda kufanya nini?"

"Marahaba. Nakwenda kutembea."

"Na suti?"

Basi nchi nzima siku hiyo ilikuwa na neno na suti yangu. Akacheka, akagonga mhuri, nikavuka daraja. Katikati ya mto Kagera nilimeza Kinyambo changu chote, nikashuka upande wa pili nikiwa mtu wa mbali.

Ndani ya teksi ya kwenda Mbarara, kama wanavyoita daladala kule, ndipo nilipoanza kuujua ugeni. Nyuma yangu walikaa kina mama wawili, wakanichambua kwa Kinyankole njia nzima, wakiamini sisikii kitu. Mmoja alisema huyu Mtanzania bila shaka ni mchungaji aliyefukuzwa kanisani. Mwenzake akakataa: tazama viganja, huyu ni mpalilia migomba, suti ameazima. Nilitaka kugeuka niwaambie suti ni yangu na nilioa nayo! Nikauma ulimi. Kisha konda akamwambia dereva, mbele ya pua yangu, kwamba huyu hajui kitu, tumwongezee nauli. Nikamwona anageuka na tabasamu, akanitajia bei kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Nikalipa. Roho iliniuma kama nimeibiwa na mdogo wangu mwenyewe, lakini nilijiambia ugeni nao una gharama zake.

Shule iko juu ya kilima, imezungukwa na shamba la migomba ambalo, kama nilivyosikia baadaye, ni la mama mzazi wa mwenye shule. Mwenye shule mwenyewe, ambaye wote walimwita Mkurugenzi, alinipokea ofisini. Ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuongea na benki. Tuliongea Kiingereza. Nilimweleza kuhusu Tanzania kama mtu aliyevuka bahari tatu.

"Na umeionaje nchi yetu?" akaniuliza.

"Ni nzuri sana. Hali ya hewa nitaizoea."

Hali ya hewa! Kutoka kwetu mpaka pale hata wingu halijabadilika. Lakini Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa huruma, akanieleza kuhusu nyumba ya walimu wa kigeni, yenye maji ya moto. Akataja na mshahara. Nilipiga hesabu ya mabati papo hapo kichwani, yakatosha, yakabaki ya kuezekea na banda la mbuzi. Alilalamika pia kwamba ana shida ya mwalimu wa hesabu, kila anayempata anakimbia. Nilimpa pole. Akili yangu ilikuwa juu ya paa.

Baada ya chakula cha mchana, ambacho kilikuwa kidogo lakini na vijiko vingi, nilipelekwa kufundisha somo la majaribio. Darasa lilikuwa na watoto wa mataifa mbalimbali, watoto wazuri, wenye maswali. Niliamua kuwafundisha salamu. Nikawaeleza shikamoo na marahaba, tukaigiza, wakafurahi mno. Msichana mmoja akauliza, "Na kama sitaki kuitikia?"

"Haiwezekani," nikasema, nikinyanyua kidole. "Salamu ya mtu mzima haiachwi hewani. Hata kama una haraka. Hata kama kuitikia kutakugharimu."

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, akatabasamu. Nikajua kazi nimepata. Tukatoka nje, mimi na watoto nyuma yangu, na pale uani alikuwa anakuja bibi kizee na fimbo yake, amejifunga shuka begani, anatoka shambani. Alikuwa mama yake Mkurugenzi. Akasimama mbele yangu, akanitazama usoni muda mrefu, kisha akanisalimia kwa lugha yao, ambayo Mungu ananiona, ni yangu.

"Agandi, mwanangu?"

Jamani. Nilisikia mabati yote yakigongana kichwani. Nikijifanya sielewi, nyumba ninayo. Nikiitikia, nimekwisha. Nikaangalia pembeni: watoto wote wananitazama, na yule msichana wa swali amekunja mikono, anasubiri kuona. Na yule bibi alikuwa na macho ya mama yangu.

"Nimarungi, mama," nikajibu, na magoti yakainama yenyewe.

Kilichofuata sikukipanga. Kinyambo nilichokimeza darajani kilitoka chote kwa mkupuo. Akaniuliza nimelalaje, nikamweleza. Mvua kwenu? Inatuua, mama. Migomba? Haijambo. Baba yupo? Yupo, ila mgongo. Mwisho akauliza ambacho wazee wetu lazima waulize: muziro wenu ni nini, yaani ukoo wenu unajizuia kula mnyama gani?

"Sisi pongo hatumli, mama."

Fimbo ilianguka. Bibi akanikumbatia kiunoni, maana ndiko alikofika, akaanza kupiga vigelegele. Mumewe na watoto wake pia hawamli! Ukoo ni mmoja, mto ulitukuta tayari ni ndugu. Alimwita Mkurugenzi kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni: "Njoo umwone mdogo wako! Unamweka ofisini kama mgeni!"

Nilifurahi, nisiseme uongo. Mpaka tuliporudi ofisini, mara hii bibi naye akiwa kwenye kiti cha mbele.

"Ndugu yangu," Mkurugenzi akaanza, sasa kwa Kinyankole, "mbona hukusema mapema kuwa wewe ni mtu wa nyumbani? Nimekaribia kukufanyia dharau ya kukulipa kama Mwingereza."

"Mimi dharau hiyo nisingeikasirikia," nikasema.

"Aa, hapana. Nyumba ya wageni ya nini? Utalala kwa mama."

"Ana chumba chake tayari," bibi akadakia.

"Tiketi ya ndege utaifanyia nini, na kwenu ni hapo tu? Na mshahara, tutakupa ule wa watoto wa nyumbani." Akautaja. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba niliona haya kwa niaba yake. "Ila kibali cha kazi utakilipia mwenyewe, maana kisheria wewe ni raia wa nje."

Hapo damu ikanipanda. "Kaka, naomba nielewe. Wakati wa kulipa mimi ni mgeni, wakati wa kulipwa mimi ni mwenyeji?"

"Ndiyo undugu wenyewe," akajibu kwa upole kabisa. Na ubaya ni kwamba hakuwa ananidhihaki. Ndugu wa kwetu wote hufanya hivyo, hata mimi mwenyewe fundi wangu ni binamu na nilikuwa bado sijamlipa.

Nikawaambia nitakwenda kufikiri na mke wangu. Bibi akanipa jogoo wa kwenda naye.

Jioni, kwenye teksi ya kurudi mpakani, nilisema Kinyankole tangu stendi. Nauli ilishuka. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwa ule undugu, ukiacha jogoo, ambaye pale Murongo alileta maneno. Yule ofisa wa Muleba alimkodolea macho. "Mwalimu, ulisema unakwenda kutembea. Na huyu ni nani?"

"Huyu nimepewa na mama wa ng'ambo," nikasema kwa uchovu. Akaniruhusu nipite, akanipa na pole bila kujua ya nini.

Songambele nilimkuta Jovina juu ya ngazi, kwa tochi, anafunika ukuta kwa sababu radi zilishaanza upande wa Rwanda. Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama chini na jogoo mkononi. Alicheka mpaka akashuka ngazi asije akaanguka. Nilipofika kwenye bibi kupiga vigelegele akalia machozi. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Jovina, nilikuwa na mabati mkononi, nikayatupa kwa salamu moja."

Akajifuta macho. "Huyo mwalimu wa hesabu, wamempata?"

"Bado. Walimu wanawakimbia."

"Sisi kwetu Muleba muziro wetu ni nini?"

"Tumbili."

"Nilipoolewa na ninyi wa pongo, niliuacha?"

"Mwanamke hauachi muziro wa kwao mpaka anakufa. Unajua."

"Basi kwa yule bibi," akasema, "mimi ni nani?"

Nikakaa chini, juu ya rundo la mchanga, jogoo akaniponyoka.

Wiki iliyofuata alivuka yeye. Hakujificha hata kidogo. Alimsalimia bibi kwa Kihaya chake cha Muleba, akajitambulisha kuwa ni mke wa yule mtoto wao wa Kyerwa, mzaliwa wa watu wa tumbili. Mkurugenzi alijaribu kuleta habari za undugu. Bibi akamkatiza. Huyu ni mwali wa watu, alisema. Katoka kwao kuja kwetu, tutamwambiaje baba yake, kwamba tulimlaza jikoni? Mpeni haki zote za mgeni. Na akapewa zote: mshahara, nyumba yenye maji ya moto, kibali kimelipiwa, na tiketi ya ndege ya kila mwaka ambayo shule imekubali kuigeuza kuwa nauli ya teksi na bodaboda, chenji akabaki nayo.

Nilichojifunza nawaachia wenzangu walimu mnaolinganisha mishahara kwenye simu. Kabla ya kuuliza watakulipa ngapi, uliza watakuhesabu kuwa nani. Na kama una mwenza, msome vizuri wasifu wake kabla ya kuvaa suti yako.

Nyumba ya kule inatosha familia nzima, lakini baba amezeeka na migomba haijipalilii, kwa hiyo mimi na watoto tumebaki. Jovina anakuja mwisho wa mwezi. Mabati yalipofika, fundi binamu yangu, ambaye sasa amelipwa, aliniuliza kitanda cha mama watoto kitakaa upande gani, apime dirisha. Nikamwonyesha upande wa mashariki, ingawa atakilalia mwisho wa mwezi tu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kamba.