Mkono wa Kushoto wa Adero

Adero Okech alizaliwa akitumia mkono wa kushoto, na tangu alipoweza kushika kijiko watu hawakumwacha apumzike. Bibi yake aliufunga mkono huo kwa kitambaa kila wakati wa kula. Mwalimu wa darasa la kwanza aliuchapa kwa rula mpaka mtoto akajifunza kuandika kwa kulia. Mwandiko wake ukaja kusifiwa shule nzima, lakini hao wawili hakuwasamehe, na nani wa kumlaumu?

Mwaka tisini na tatu, dhahabu ilipokuwa ikiwavuta vijana wa Tarime na Serengeti kama siafu kwenye mafuta, Adero alikuwa mwanafunzi wa afya ya kinywa na meno, ameletwa kituo kimoja cha afya karibu na machimbo kwa mafunzo ya vitendo. Kaka yake Omondi alikuwa ameshatupa jembe na kuingia mashimoni. Shangazi yao alimshangaa binti: kwa nini asiende kuuza chai machimboni, watu wanatajirika? Adero alimjibu kwamba hata hao wanaotajirika wana meno.

Kati yake na cheti ulibaki mtihani mmoja: kusafisha kinywa cha mgonjwa mmoja na kumtoa ugaga wote, yale magamba magumu yanayoganda kwenye meno, mbele ya msimamizi wake, Dakta Tomaso. Akishindwa, ni kurudi kijijini kwao Utegi kupalilia mihogo.

"Na utatumia kulia," Dakta Tomaso alishamwambia tangu siku ya kwanza. "Huku mtu hapokei hata chumvi kwa kushoto. Ukiwaingizia huo mkono mdomoni watakimbia wote."

Alitii huku roho ikimuuma. Aliomba taya la mbuzi kwa muuza nyama, akalichemsha, na kila jioni akakaa nyuma ya jiko akikwangua meno yale. Kwa kulia, kijichuma chenye ncha iliyopinda kiliteleza ovyo. Akiona hakuna mtu, alikihamishia kushoto. Hapo kidole cha pete kilitulia juu ya jino bila kutetereka, na ugaga ukabanduka vipande vizima. Mbuzi hakulalamika.

Siku ya mtihani akaletwa Nyangwine, mchimbaji mwenye mabega mapana, fizi zimevimba, meno ya chini yameshikanishwa na ugaga kwa nyuma utadhani yamejengewa saruji. Adero alimwamkia shikamoo, yule bwana akaitikia, akafungua kinywa. Adero akaanza kwa mkono wa kulia kama alivyoagizwa. Meno matatu yakaenda salama. La nne, kijichuma kikateleza na kumchoma ufizi.

Nyangwine akaruka kitini. "Unanitibu au unanichimba?"

Dakta Tomaso akafunga kitabu cha mtihani. "Basi, Adero. Imetosha."

Adero alimkandamizia mgonjwa pamba mpaka damu ikakata, akamwomba radhi kwa dhati, maana aliyeumia ni yeye. Lakini moyoni alikuwa anachemka. Miaka yote hii amefungwa, amechapwa, amenyamaza, na leo arudishwe nyumbani kwa makosa ya mkono ambao hakuuchagua? Akabadili glavu, akasukuma kigoda chake upande wa pili wa mgonjwa, akashika kijichuma kipya kwa kushoto.

"Haijatosha, Dakta," alisema. "Uliouona si mkono wangu."

Nyangwine akafumba kinywa haraka. "Kushoto? Binti, mkono huo hata salamu haupokelewi."

"Huu hausalimii, tata," Adero akamjibu, akimwita baba kwa Kikurya. "Unatoa ugaga. Hebu nikuulize. Kule shimoni, mwamba wenye dhahabu ukijificha kwenye kona ambayo nyundo ya mtu wa kulia inagonga ukuta, mnafanyaje?"

Nyangwine akafungua kinywa kumjibu. "Tunatafuta mtu wa kushoto."

"Akifika mnamwambia awe na adabu, apige kwa kulia?"

"Tuna wazimu? Huyo tunamtengea mpaka nyama. Kuna Mjaluo mmoja, Omondi, mashimo yote yanamgombania."

"Ni kaka yangu. Bibi alitufunga kitambaa sisi wote wawili."

Nyangwine alicheka mpaka akashika shavu kwa maumivu. Kisha akajilaza kitini na kufungua kinywa wazi. Dakta Tomaso akakifungua tena kitabu cha mtihani.

Kazi ilichukua saa nzima. Ugaga ulidondoka kwenye kibakuli, kipande baada ya kipande, na mgonjwa hakushtuka tena hata mara moja. Alipomaliza, Dakta Tomaso alikagua jino moja moja kwa kioo na sindano yake ya kuchunguzia, akitafuta kosa kwa bidii zote, akalikosa. Nyangwine akapitisha ulimi nyuma ya meno, akashangaa. "Kumbe huku kunapita upepo!"

Dakta akaandika kwamba amefaulu. "Ila huko nje usiseme umetumia mkono gani," alinong'ona, akamsogezea kitabu na kalamu. "Weka sahihi."

Adero akaichukua kalamu kwa kushoto, mbele ya macho yake. Mkono ule haukuwa umeandika tangu darasa la kwanza. Sahihi ikatoka imepinda, herufi zinapandana.

"Ukurasa mwingine upo," akasema Dakta Tomaso. "Andika tena, vizuri."

"Hapana, Dakta," Adero akasema, akimrudishia kitabu kwa mkono uleule. "Hiyo ndiyo sahihi yangu."