Bustani Iliyoogopwa

Ukitaka kumpiga picha kereng'ende kwa karibu, amka kabla ya jua. Huku kwetu Eldoret baridi ya alfajiri humgandisha mdudu palepale alipolala, umande umemjaa mabawani, na hawezi kuruka hata ukimpumulia. Jua likishatoka, unapoteza filamu bure.

Hayo nilijifundisha mwenyewe, msichana aliyemaliza shule bila mahali pa kwenda. Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja upande wa kuelekea Kaptagat. Baada ya uhuru mzungu aliamua kuuza shamba arudi kwao, na mkewe akaniachia kamera kuukuu na lenzi aliyokuwa akisomea gazeti. Kamera ile haikuona kitu cha karibu. Nikaifunga lenzi mbele yake kwa mpira wa baiskeli, nikakata kijiti cha kupimia umbali, nikaharibu filamu nyingi, hadi siku moja nikapata jicho la nyuki, kubwa, lina vinyweleo. Nililia. Sikuwa nimewahi kutengeneza kitu kizuri maishani mwangu.

Shamba lilinunuliwa na watu wa hisa, baba akiwa mmoja wao. Kila mwenye hisa angepata kipande chake kwa kura, kwa kuchomoa karatasi kwenye kofia. Kipande kimoja tu hakikutakiwa na mtu, nacho ni kile chenye bustani. Katikati ya waridi na dalia palikuwa na kaburi la mawe lenye msalaba wa mbao, na watu waliotoka mbali kutafuta ardhi hawakuwa tayari kulima juu ya maiti ya mtu wasiyemjua. Kamati ikaona kwamba mpishi ameishi karibu na kaburi hilo miaka yote na halijamdhuru, basi apewe yeye bustani bila kura.

Mimi sikulala kwa furaha. Nilijua aliyelala mle kaburini. Nilimwomba Mungu asitokee mtu wa kuuliza.

Hakuna aliyeuliza. Siku ya mkutano mwenyekiti alitaka kujua tu kama kuna mwenye neno, na baba akasimama, akavua kofia.

"Wazee, sitaki kupewa shamba kwa sababu ya woga ya watu. Hapo hakuna mtu. Ni mbwa ya memsahibu. Hiyo shimo nilichimba na mkono yangu."

Watu walicheka hadi wengine wakaketi chini. Walipomaliza kucheka, wote waliitaka bustani, maana udongo wake ulikuwa umelishwa mbolea miaka na miaka na maji yalikuwa karibu. Ikaingizwa kwenye kofia pamoja na vipande vingine. Baba alichomoa kipande cha juu, kwenye mawe na upepo. Bustani ilimwangukia mzee mmoja aliyetoka Soy.

Nilimchukia baba. Ukweli wake ungeweza kungoja hadi jioni.

Yule mzee wa Soy simlaumu. Aliniruhusu kuingia na kamera yangu hadi siku ya trekta, lakini alikuwa na watoto wa kulisha, na maua hayaliwi. Siku yenyewe nilipiga picha hadi filamu ikaisha, nikasimama kando ya ua nikitazama dalia zikifunikwa na udongo. Wanasema subira huvuta heri. Mimi nimesubiri, na sijui ilivutwa ikapelekwa wapi. Mizizi ya dalia niliyookota nikaipanda kwetu ilikaukia kwenye mawe, na maji ya kuteka mbali yalikuwa ya kupikia. Niliamka alfajiri nyingi nikazunguka kipande chetu chote. Nzi tu ndiye niliyemwona.

Kamera ikakaa chini ya kitanda.

Baada ya mavuno mabaya, jioni moja baba aliniomba zile picha. Hakuwa amewahi kuziangalia. Alimshika kereng'ende kwa ncha za vidole, akamsogeza karibu na taa, akamtazama muda mrefu.

"Huyu anakaa wapi siku hizi?"

Nilimwambia hakai popote, alikuwa wa ile bustani.

Alinirudishia picha taratibu. "Na bado ningesema ni mbwa," akanena.

"Najua, baba."

Nilijua kweli, na kuanzia hapo sikuwa hata na mtu wa kumkasirikia.