Askari wa Udongo wa Kisoko

Mwaka ule mpaka wa nchi ulipofungwa kwa sababu ya maradhi, kibanda changu cha kutengeneza cherehani pale Busia kilikaa wiki nzima bila mteja. Mikono yangu haijazoea kukaa bure. Nikawa nachota udongo wa mfinyanzi bondeni Kisoko, karibu na kwa shangazi yangu, na kufinyanga mtu mmoja tu: babu yangu, baba yake shangazi.

Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la wakoloni. Alichukuliwa jeshini na Mwingereza, akapelekwa Burma kupigana katika vita vya pili vya dunia. Hakuacha picha hata moja. Mimi nilimkuta akiwa mzee wa mvi na kikohozi, analima mtama, na habari za vita hakuzigusa kamwe. Sisi wajukuu tuliogopa ukimya wake kuliko fimbo yake.

Askari wangu wawili wa kwanza walipasuka motoni. Mama mmoja mfinyanzi wa Nabuyoga aliposikia alinicheka, kisha akanionyesha namna ya kuponda vigae vya vyungu vya zamani na kuvichanganya na udongo, na kumtoboa mtu kifuani ili mvuke upate pa kutokea. Wa tatu akatoka mzima, kimo chake shibiri moja na nusu. Kwa bisibisi ndogo za kazini nilikuwa nimechonga mifuko, vifungo na mikunjo ya kaptula. Kofia pana, ukingo wake umekunjwa upande mmoja, niliiga kutoka katika picha za askari wengine wa wakati ule. Rangi nilipewa na rafiki yangu anayepaka magari. Nikachanganya manjano, kahawia na tone la kijani mpaka nikapata kaki. Macho niliyatia kwa ncha ya mwiba.

Nikamfunga kwenye taulo nikampeleka Kisoko. Shangazi amepita miaka themanini, lakini macho yake bado mazuri. Nilimkuta akichambua karanga. Akampokea askari kwa mikono miwili, akamgeuza mbele na nyuma, wala hakuwa na haraka.

“Nguo ni zake,” akasema. “Lakini huyu mzee ni nani?”

Nikamwambia ni babu. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba babu alipoondoka, yeye shangazi alikuwa tumboni, naye ndiye mtoto wake wa kwanza. Aliporudi, shangazi alikuwa na miaka mitano. Aliona mtu wa kofia kubwa akiingia uani, akakimbilia nyuma ya ghala la mtama na kulia. Yule mtu hakumfuata. Alivua kofia, akaketi chini kwenye vumbi na nguo zake za jeshi, akangoja. Alingoja mpaka jua likageuka. Hapo ndipo mtoto alipojitokeza, akamkaribia polepole, akamtazama usoni kwa karibu.

“Uso ule ninao mpaka leo,” shangazi akasema. “Haukuwa na kunyanzi hata moja.”

Udongo uliokwisha pita motoni haurekebishiki. Nikaanza upya, safari hii kwa kichwa peke yake, nikakipeleka kwake kikiwa bado kibichi. Aliniongoza kwa kidole. Shavu lijae zaidi. Kidevu kiwe laini. Mistari ya paji la uso niifute. Kila nilipofuta mstari, miaka ilimtoka yule mtu. Mwishowe nilikuwa nimeshika uso wa kijana ambaye angeweza kukaa darasani pamoja na kitindamimba wangu anayesoma Tororo.

Niliweka bisibisi chini. Sikuweza kuendelea siku hiyo. Miaka yote nilimfikiria babu kama mzee aliyekwenda vitani, kana kwamba mvi zile alizaliwa nazo. Kumbe aliyevuka bahari, akalala matopeni katika msitu wa watu wengine, akawazika wenzake, ni kijana huyu hapa, ndevu hazijamwota sawasawa. Na alikuwa amerudi na subira ya kuketi vumbini nusu siku ili mtoto asimwogope.

Nilimaliza mwili baada ya miezi miwili. Nikamchoma, nikampaka rangi, kofia nikamwekea mkononi. Nilipomfikisha Kisoko, shangazi alikuwa amevaa gomesi lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Akamsimamisha juu ya meza, akavuta kiti, wakawa wanatazamana uso kwa uso. Mimi nilibaki mlangoni, viatu mkononi kama mtu aliyeingia mahali patakatifu.

Kwa lugha yetu ya Kidhopadhola, sauti yake chini, akamwambia, “Karibu, mwanangu. Umechoka.”

Alimwita babu mwanawe. Kwa umri, yeye sasa alikuwa mkubwa kuliko baba yake yule kijana, karibu mara nne, na alikuwa analijua hilo kabla yangu.

Kisha akaanza kunisimulia yale ambayo mama yake alimwambia kuhusu miaka ile ya kungoja bila barua. Karanga za siku hiyo zilibaki kwenye ungo bila kuchambuliwa. Nami nikaketi sakafuni, nikasikiliza mpaka akamaliza.