Glukosi ya Njeri

Nyumba yetu ya Woodley iliamka na harufu ya spiriti. Kabla chai haijachemka, dada yangu Njeri alikuwa ameketi kitandani na pamba mkononi, akijidunga insulini pajani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi nina miaka kumi, yeye kumi na minne. Dawa yake ilikaa ndani ya chungu chenye maji chini ya meza, kwa kuwa friji hatukuwa nayo. Leo ninazo tatu, moja ya soda za wageni tu. Shule niliachia darasa la saba, na bado nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi na jengo pale Hurlingham, ambako wapangaji wenye digrii zao wananiita mheshimiwa. Kwa hivyo anayesimulia hapa si mtu wa kuonewa huruma.

Njeri alikuwa mkimbiaji. Daktari wa kliniki alimweleza Mama kwamba mbio hula sukari ya mwilini upesi, na insulini haijui kama umelala au unakimbia, yenyewe inaendelea na kazi. Basi ale vizuri kwanza, na glukosi iwe karibu. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kugombana na watu bila sababu, alambe papo hapo. Kipimo cha kutoboa kidole tulikiona kliniki tu. Nyumbani tulimpima kwa kumtazama uso, na kazi hiyo nilipewa mimi. Mama alifunga glukosi ya unga kwenye karatasi, akaisukuma mfukoni mwangu. "Ndung'u, hii si yako. Ni ya dada yako. Umenisikia?" Nikamwambia nimesikia.

Sasa, mtoto yeyote wa Nairobi wa wakati ule anaijua glukosi. Unaimimina kiganjani, unalamba, inapoa kwenye ulimi, halafu inagandana juu kwenye kaakaa. "Niaje, Daktari," wavulana wa mtaa walikuwa wakiniita, "leo kliniki imefunguliwa?" Nami niliyekuwa mdogo kuliko wote nikawa mkubwa wao. Kwa kumlambisha mtu mara moja nilipewa baiskeli niizungushe mtaa mzima. Kwa mara mbili nilichagua timu ya mpira. Akili yangu ya biashara ilianzia pale, na sioni haya kusema nilikuwa na kipaji. Karatasi ilipopungua niliijazia unga wa ngano wa chapati. Ukitazama, huoni tofauti. Nilijiambia Njeri haihitaji, maana muhula mzima hakuwa ameiomba hata siku moja.

Ikafika Jumamosi ya kuchagua timu ya shule, mizunguko minane ya uwanja. Njeri alijidunga kama kawaida, lakini mkate ulimshinda kwa wasiwasi, akala nusu kipande. Mzunguko wa tano alikuwa mbele ya wote. Wa sita akaanza kukimbia kama mtu anayekanyaga matope, kisha akaiacha njia, akaja kwangu akiwa amelowa jasho. "Lete," akasema. Nikampa ile karatasi. Alilamba, akasimama, akanitazama, unga umemganda midomoni. Halafu magoti yakamwishia, akakaa chini.

Nilikimbia hadi kwa mama aliyeuza chai nje ya geti, nikanyakua kopo lake la sukari. "Mshikeni huyo, ameenda na sukari yangu," alipiga kelele akinifuata, ndala mkononi. Alipomwona Njeri aliyasahau yote hayo. Alirudi mbio na kikombe cha chai vuguvugu, akakoroga sukari tele, akamwinua kichwa. "Kunywa, mama. Polepole. Meza." Baada ya muda Njeri akauliza kwa nini watu wote wale wamemsimamia.

Mwalimu wa michezo alishika daftari lake. "Mtoto mgonjwa si wa mbio. Akinifia hapa nitamwambia nini mamake?" Akalifuta jina. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na neno moja tu lingetosha. Mimi, mwenye mdomo ule, sikusema kitu. Jioni Mama alipouliza, Njeri alijibu, "Glukosi iliisha." Mtaa ukajua kwamba sukari imemshinda, naye hakukimbia tena mpaka alipokuwa mtu mzima.

Siku hizi ana kifaa kidogo kimebandikwa mkononi, na simu inamlilia sukari inapoanza kushuka. Jumapili alfajiri, kabla ya ibada, anapunguza insulini, anakula ndizi, anakimbia Ngong Road. Vifaa hivyo vyote nanunua mimi, na watu nawaambia. Lakini wakati ule alikuwa na ndugu yake tu. Mwaka jana nilimfuata kwake nikamweleza habari ya unga. Alikuwa akifunga viatu.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Chapati nimezikanda tangu nina miaka minane. Sikuwa nangoja uniambie mimi, Ndung'u. Nilikuwa nangoja umwambie mwalimu."

Mwalimu yule tulishamzika. Jeneza nililinunua mimi, la mti mzuri kabisa, nikashukuriwa mbele ya kanisa lote.