Nani Anakula Betri ya Mathe?

Stima ilipotea mtaani kwetu Kaptembwo mchana, mayai ya Mathe yakiwa ndio yameanza kupasuka. Alikuwa ametoa mayai ya kienyeji Njoro, akaweka kwa incubator, mashine ya kuangulia, na kwa wiki tatu akayalinda kuliko alivyowahi kunilinda mimi. Yakipoa sasa, vifaranga wanafia ndani ya ganda.

Incubator ilikuwa imechomekwa kwa UPS, ile box ya betri, na box nikaiunganisha na laptop yangu mzee ya Linux. Mimi shule niliachia darasa la nane, lakini command ya upsc naijua: unaandika, unabonyeza enter, betri inakwambia iko aje.

"Inasema nini?" Mathe akauliza, mkono juu ya kifuniko.

"OB. Tuko kwa betri. Imebaki lisaa limoja hivi."

Nikaandika tena. Dakika ishirini! Load, mzigo betri inabeba, imepanda maradufu.

"Mathe, kuna mtu anakula na sisi."

"Ni simu za majirani tu. Simu inakula nini?"

Kwetu stima ikienda, nyumba yenye chaji ni ya ploti nzima. Hukatai mtu. Nikazichomoa zote. Load ikashuka kidogo tu. Ndani ya yai moja kitu kikalia, pii. Mathe akaanza kuomba kwa sauti, na chini ya maombi nikasikia bass. Sasa mtaa wote hauna stima, woofer ya kinyozi jirani inapiga na nini?

Nikafuata extension nyuma ya kochi mpaka kwa shimo la ukuta.

"Ni mimi nilimpea," Mathe akasema polepole. "Aliniambia ni ya mashine ya kunyoa peke yake."

Nikachomoa. Muziki ukakatika. Kinyozi akaingia mbio, mteja nyuma yake, upande mmoja afro, upande mwingine umenyolewa kama goti.

"Boss, umeniua! Huyu anaenda kwa wakwe!"

"Uliomba kunyoa," Mathe akamjibu. "Disko ulimwomba nani?" Akageukia mteja. "Na wewe kaa hapo. Wewe na hawa vifaranga mtatoka pamoja."

Akakaa. Nikawa naandika, yeye anasoma kwa sauti, dakika zikiisha. Ikatokea LB, betri inakaribia kuzima. Kifaranga wa kwanza akasukuma ganda, akachoka, akalala. Mathe akashika kifuniko na mikono miwili.

Nikaandika tena.

"OL," mteja akasoma. "Hiyo ni mbaya?"

"Stima imerudi."

Kifaranga akasukuma tena, akatoka, amelowa kama tambara. Kinyozi akanyoosha mkono achukue extension, eti airudishe kwa shimo stima isije ikapotea tena. Mathe alikuwa ameshaikunja, ameiweka kwapani.