Nta ya Gari na Mkono wa Bi Mwanamvua

Nakumbuka siku moja kwa harufu yake kabla sijaikumbuka kwa jambo jingine lolote. Ilikuwa harufu tamu, mwanangu, kama asali iliyoanikwa juani pamoja na maganda ya ndizi mbivu, na ilitoka katika kopo la bati la duara lisilozidi kiganja cha mtu mzima. Jana ulipofungua kopo lako hapo uani, hilo uliloagiza kutoka ng'ambo, harufu ile ile ikanifuata mpaka kitandani. Nikafumba macho, na mara nikawa msichana tena hapa hapa Msambweni, nimesimama mbele ya gari jeupe, najitazama.

Nitakusimulia, ila uniache niende kwa mwendo wangu. Maneno ya mzee nayo hutembea kwa mkongojo.

Ilikuwa miaka ile ya Uhuru. Wazungu waliokuwa na nyumba za ufukweni kule Diani walikuwa wakifunga masanduku, leo huyu, kesho yule. Babu yako Rashidi, mtu wa kijiji cha Waa, alikuwa dereva wa mmoja wao. Wakati huo hakuwa babu wa mtu. Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Yule mzungu alipoondoka alimwachia gari lake dogo kwa shukrani ya utumishi wake, na ndani ya buti akamwachia kopo la nta. Si nta ya viatu, wala si nta ya nyuki tuijuayo sisi. Ilikuwa nta ya gari, iliyokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamaa ya minazi huko nchi za mbali, au ndivyo Rashidi alivyoambiwa. Mombasa nzima ungeitafuta usiipate. Bei yake watu waliinong'ona tu, na mjomba wangu alipoisikia alisema kwa kopo lile mtu angepata mbuzi na kamba yake.

Kila Ijumaa baada ya swala, Rashidi aliliegesha gari kivulini, akaliosha kwa maji baridi ya kisima, akalikausha, kisha akafungua kopo. Alichovya kwa kitambaa cha flana, kidogo tu, kwa maana chovya chovya humaliza buyu la asali. Akapaka kwa mizunguko midogo midogo, pole pole, utadhani anamlaza mtoto. Akangoja mpaka nta ifanye ukungu, ndipo akaifuta. Chini ya ule ukungu gari lilitoka jipya. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Na kazi yenyewe haikuwa upuuzi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi hula chuma kimya kimya. Nta ile iliizuia isifike. Kutunza kitu si kosa, na mimi sitakuambia kuwa ni kosa.

Basi Rashidi akaleta posa kwetu. Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanamvua, baada ya wazazi wangu kufariki. Bibi alikuwa mpakaji hina. Kuanzia Msambweni mpaka Vanga hakuna bibi harusi aliyejiona ametimia bila mkono wake, na viganja vyake mwenyewe vilikuwa na rangi ya hina mwaka mzima. Neno lake nyumbani ndilo lilikuwa neno. Wajomba walizungumza, wakapinga, wakakohoa, kisha wakamtazama yeye.

Mara ya kwanza Rashidi alipokuja na gari, nilitumwa nimpelekee maji ya kunywa. Sikufika mara moja. Nyumbani tulikuwa na kioo kimoja cha mkononi, kilichokuonyesha jicho au mdomo, si vyote viwili, na maishani mwangu nilikuwa sijajiona mzima. Mbele ya mlango wa gari lile nikajiona kuanzia utosini mpaka kwenye upindo wa leso. Nilijiona kwa mbali, kama mtu aliyesimama ndani ya tui. Nyuma yangu minazi ilikuwa inayumba kwenye maji yasiyokuwepo. Wingu likapita kifuani pangu taratibu, na kuku wa jirani akaingia upande mmoja wa mlango akatokea upande wa pili bila sauti. Sijui nilisimama muda gani. Maji yalikuwa yamepata joto nilipomkabidhi Rashidi, naye akayanywa akinitazama. Nikarudi ndani nikamwambia Bibi kwamba nampenda kijana huyu.

Bibi akaniangalia tu. "Haya, Mishi," akasema, "tutaona."

Siku ya kuitikia posa, watu walijaa uani. Sasa nikukumbushe desturi ambayo ninyi mmeanza kuisahau. Kitu kipya kilipoingia kwetu, kiwe nyumba, kiwe ng'ombe, kiwe kitanda cha mtoto, wazee walikiwekea mikono na kukisomea dua. Huwezi kukisomea kitu kwa mbali kama unayemwamkia mtu ng'ambo ya mto. Basi gari la Rashidi lilikuwa jipya kwetu, na kama lingekuwa la kumbeba mjukuu wao, wazee walitaka kulisomea kabla ya kuingia ndani kula.

Bibi akatangulia, akaunyanyua mkono wake wa kulia.

"Bibi, Bibi, samahani!" Rashidi akaruka mbele yake, mikono ameitandaza. "Usiguse, tafadhali. Nimelipaka asubuhi hii, nta bado mbichi. Itashika alama."

Aliyasema kwa adabu, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Mkono wa Bibi ukabaki hewani. Nikauona mlangoni, ukielea humo ndani ya tui pamoja na mawingu, rangi ya hina viganjani. Kisha akaurudisha chini ya leso yake polepole.

"Haya, baba," akasema. "Nimeuficha."

Watu wakala pilau kwa ukimya. Rashidi alidhani ni heshima. Mjomba alipomgeukia Bibi ampe jibu la kuwapa wageni, Bibi akanawa, akajifuta, akasema: "Waambieni tumeshukuru. Posa tunairudisha."

Nililia, mwanangu. Nililia mpaka nikavimba uso, nikamfuata Bibi jikoni nikamwuliza ni dhambi gani kupenda kitu chako kiwe safi. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Kaa hapa," akasema. "Nikuulize nawe unijibu. Ulimpenda Rashidi, au ulijipenda wewe mlangoni mwa gari lake?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa chungu.

"Mimi sina ugomvi na nta yake," akaendelea. "Mwanamume asiyejua kutunza, hata mke hatamtunza. Lakini nyumba ya ndoa ni mikono tu, Mishi. Mikono ya watoto yenye uji. Mikono ya mawifi yenye harufu ya samaki. Mkono mmoja haulei mwana. Akiuogopa mkono wangu leo, ambao ni safi na una baraka ya kumpa, siku nitakapokuwa siwezi kujiosha ataniweka wapi? Na wewe, siku utakapojifungua na kuvuja maziwa, atakuambia usimguse, nta bado mbichi?"

Nilichukizwa naye, na nilijua amesema kweli, na mambo hayo mawili yalikaa kifuani mwangu pamoja kama paka wawili kwenye gunia moja.

Ikapita misimu ya kuvuna korosho na kuikaanga. Siku zile nilitembea kama mtu aliyelala. Nikiteka maji, nilijitazama mtungini nikimtafuta yule msichana wa mlangoni, na kila nilipomwona tone likaanguka akavunjika. Habari za Rashidi zilikuja vipande vipande. Ameonekana Tiwi amebeba mgonjwa. Ameonekana Ukunda, gari limejaa vumbi jekundu mpaka halijulikani rangi. Wengine wakasema amerukwa na akili. Mimi moyo ukawa unanidunda kila nikisikia injini barabarani, na wakati huo sikuwa nikikumbuka mlango tena. Nilikuwa nikikumbuka jinsi alivyokunywa yale maji ya moto bila kulalamika.

Asubuhi moja gari likaingia uani bila taarifa. Lilikuwa limeoshwa kwa maji tu, halina mng'ao wowote. Mbele ameketi mama yake mzazi, ambaye hapo kabla alikuwa akija kwetu kwa basi, na kiti cha nyuma kimejaa watoto wa dada zake na kapu la mihogo. Rashidi akashuka, akavua kofia.

Bibi alikuwa barazani na bakuli la hina, anawatengenezea watu wa harusi ya jirani. Mikono yake yote miwili ilikuwa imetapakaa hina mbichi mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Za Waa?"

"Salama, alhamdulillahi. Bibi, nimelileta gari lisomewe. Siku ile halikusomewa."

Bibi akainua viganja vyake akamwonyesha. "Unaiona hali yangu. Ngoja ninawe."

"Usinawe, Bibi," akasema Rashidi. "Nimekuja kwa mikono hiyo hiyo. Niliizuia siku ile, na sijapata raha tangu siku ile."

Bibi akamtazama sana. Akamtazama na mama yake, aliyekuwa bado amekaa kiti cha mbele huku watoto wakimning'inia shingoni. Kisha akainuka, akateremka baraza, akauweka mkono wake wa kulia katikati ya mlango ule ule, hina ikatiririka kidogo hadi kwenye kishikio. Akasoma. Akasoma taratibu sana, kama mtu asiyetaka kuamka. Nilisimama nyuma yake nikimtazama Rashidi, naye hakuutazama mlango hata mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa na kukinga mikono yake, anaitikia amina.

Bibi alipoutoa mkono, tope la hina likabaki. Kijana mwingine angekimbilia kitambaa. Rashidi aliliacha likauke na jua, na alasiri lilipopukutika, chini yake palikuwa na kiganja cha rangi ya chungwa lililoiva, vidole vyote vitano, mpaka na pete ya fedha ya Bibi. Unajua kwa nini hina ilishika? Kwa sababu tangu posa iliporudishwa alikuwa hajalipaka gari nta. Kama angelipaka, hina ingeteleza ikaanguka chini.

Bibi akaangua kicheko mpaka akaketi. "Haya," akasema, "gari nalo limetiwa hina. Mchukueni na Mishi, asibaki peke yake."

Ndivyo nilivyoolewa. Niliingia ndani ya gari lile kwa mlango wenye kiganja, na katika ndoa yetu yote sikuwahi kuambiwa nisiguse kitu.

Bibi aliishi mpaka akamwona mama yako akitambaa, na siku zake za mwisho Rashidi ndiye aliyekuwa akimbeba kumtoa nje apate hewa. Wanaume waliporudi kumzika, watu wakiwa bado wamekaa matangani, nilimwona babu yako akienda kwenye gari. Akatoa lile kopo, ambalo alikuwa amelifunga miaka yote hiyo. Akakwangua nta yote iliyobaki, mpaka bati likalia, akaipaka juu ya kile kiganja peke yake. Mizunguko midogo midogo. Akangoja ukungu, akafuta. Alifuta huku machozi yakimtoka, nami nikaenda nikasimama karibu naye, na ndani ya mlango tukajiona sote wawili kwa mbali, na mkono wa Bibi umetulia juu yetu.

Chumvi ililila gari lile lote lililobaki. Boneti ikatoboka, buti likaanguka, hadi mafundi wakalichukua kwa vipande. Mlango hatukuwapa. Ule mlango ulio nyuma ya kitanda changu, ambao wewe uliwahi kuniuliza, "Bibi, chuma hiki cha nini?" nami nikakuambia nenda ukacheze, ndio huo. Ukiupuliza pumzi na kuufuta kwa upindo wa shati, kiganja bado kipo.

Sasa nikuambie nililotaka kukuambia tangu jana. Nilikusikia ukiwakemea watoto wasikaribie gari lako. Nikamwona na mama yako akilizunguka kwa mbali na ndoo yake kichwani, kama anayepita msikiti bila udhu. Mwanangu, usilitupe kopo lako. Ni zuri, ni ghali, na umelipata kwa jasho lako. Lipake gari lako, litunze, ling'ae mpaka minazi ijitazame. Lakini nta huzuia chumvi, isije ikazuia watu. Kitu ambacho wanaokupenda hawathubutu kukigusa, kitang'aa, nawe utabaki kujitazama humo peke yako. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtangulize mama yako kiti cha mbele. Watoto wakiacha alama za vidole, shukuru kwamba una wa kuziacha. Siku moja utazitafuta alama hizo nyumba nzima usizione.

Kesho asubuhi lilete hapa barazani nilisomee, maana mpaka leo gari lako halijasomewa. Mikono yangu ina mafuta ya nazi, nakuonya mapema, na sina nia ya kunawa.

Nenda, mwanangu. Mola akupe barabara zenye heri na safari zenye kurudi. Akujaalie nyumba yenye mikono mingi, na siku macho yako yatakapochoka kuona mng'ao, akupe mtu wa kukushika.