Kiti cha Mwenye Nyumba

Katika studio ya picha niliyofanyia kazi Musoma mjini, Azimio la ujamaa likiwa bado changa, kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa cha wanaume. Mume anaketi, fimbo au redio mapajani. Mke anasimama nyuma, mkono begani kwa mumewe. Mwenye studio hakuwahi kumpanga mtu vinginevyo. Kazi yangu ilikuwa kupaka watu poda, kunyoosha kola na kusafisha picha kwenye chumba cha giza. Kupiga nilijifunza kwa kuiba kwa macho, kisha nikajinunulia kamera yangu ndogo, na sikuomba ruhusa ya mtu.

Rafiki yangu nilisoma naye shule ya misheni. Aliolewa Nyamuswa, akalima pamba kuwashinda wanaume wa ukoo ule, na mumewe akafariki kabla hawajapata mtoto. Msiba haujapoa, shemeji yake akamleta studio, eti wapige picha ya ukumbusho. Akaketi yeye shemeji. Mwenye studio akamsimamisha rafiki yangu nyuma ya kiti, akaushika mkono wake na kuuweka begani kwa yule bwana, kama alivyozoea. Tangu hapo shemeji akawa anaizungusha picha ile kwenye vilabu vya pombe: tazameni, amekubali kurithiwa. Na mwanamke akirithiwa, nyumba na ng'ombe vinakwenda pamoja naye.

Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Rafiki yangu yeye hakulia. Kwetu Mara mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Alitoa ng'ombe aliowapata kwa pamba yake mwenyewe, akaoa. Shemeji akasema ndoa hiyo si kitu, mwanamke aliyerithiwa hana nyumba ya kumwolea mtu. Ukaitishwa mkutano wa ukoo.

Siku chache kabla ya mkutano, rafiki yangu akaja mjini na yule binti aliyemwoa, wote wamevaa vitenge vipya, wakaingia studio.

"Mimi nikae," akasema, "huyu asimame."

Mwenye studio akamtazama kuanzia miguuni. "Hapana, mama. Hicho kiti ni cha mwenye nyumba."

"Ndiye mimi."

"Hapa ni mjini. Mambo yenu ya porini yaacheni huko huko."

Porini! Yeye mwenyewe kazaliwa Kiriba, na mama yake alikuwa bado anaanika dagaa juu ya mawe. Kila mkutano wa hadhara tulikuwa tunahubiriwa kwamba binadamu wote ni sawa, lakini kiti kile usawa ulikuwa haujakifikia. Nikachukua kamera yangu, nikatoka nje.

Niliazima kiti kwa fundi cherehani wa jirani, nikakiweka katikati ya barabara ya maduka, mchana kweupe. Watu wakajaa. Mwenye baiskeli aliyebeba samaki wa sato akashuka ili aone vizuri. Mwingine akauliza, "Sasa nyie akina mama, baba yuko wapi?"

"Si huyo amekaa," nikamjibu bila kugeuka.

Jua lilimkata rafiki yangu uso nusu, nikamgeuza kidogo kuelekea ziwani. Nikamwambia asicheke. Akasema hana mpango huo. Alipanua magoti chini ya kitenge na kutuliza mikono juu yake, akaitazama kamera kama anayeidai jibu. Binti nyuma yake alikuwa anageukageuka kwa ile kelele ya watu.

"Simama vizuri," rafiki yangu akamwambia. "Mkono weka unapotaka wewe."

Akauweka kwenye egemeo la kiti. Nikapiga.

Mwenye studio alinifukuza kazi palepale barabarani, mbele ya watu wote. Nikamwambia poda yake iko kwenye droo. Mkanda niliusafishia Bunda, kwa mpiga picha mwingine, tukapanda basi hadi Nyamuswa.

Kwenye mkutano shemeji aliweka picha yake juu ya meza. Rafiki yangu akaweka yake kando ya hiyo. Wanaume wa ukoo wakazitazama zote mbili kwa zamu, na hakuna aliyecheka.

"Sasa tushike ipi?" mwenyekiti wao akauliza. "Zote ni wewe."

"Kwenye hiyo ya shemeji, mkono wangu uliwekwa," akasema. "Muulizeni huyu, yeye alikuwaga pale."

Nikasimama, nikasema nilivyoona: mkono ulishikwa, ukawekwa, na mwenye mkono hakuulizwa. Mwenyekiti akamgeukia shemeji na kumuuliza kama ni kweli. Shemeji akaanza habari za mila, na za marehemu, na za ng'ombe, lakini hilo aliloulizwa hakulijibu.

"Na hii nyingine?" mwenyekiti akasema.

"Hii nilikaa mwenyewe," rafiki yangu akajibu. "Na hata mkiamua vingine, bado nimekaa."

Hakuna aliyemwinua, si pale mkutanoni wala nyumbani kwake.